Uduvi wa Mlango wa Mto

Niliondoka Kampala kwa sababu ya sentensi moja. Katika tasnifu yangu ya chuo niliandika kwamba uduvi, wale kamba wadogo mno, hujaa sehemu ya juu ya mlango wa mto, penye chumvi haba, kwa kuwa wanayapenda maji hayo. Msimamizi wangu akataka nimletee wa huko wakiwa hai, nithibitishe. Bila hivyo sihitimu.

Jumatatu mchana, Kyebando, mtaa wetu wa Kampala, Baba alinibebea ndoo mpaka barabarani. Ni polisi mstaafu, mtu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kulikopiganwa vita miaka mingi.

"Wewe naenda mpaka bahari kwa sababu ya kadudu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano alfajiri nilishuka kaskazini ya Malindi, miguu imevimba kwa safari ya basi. Mwenyeji wangu, Bi Saumu, mvuvi wa uduvi, alikuwa bado sokoni. Subira sina. Nikapanda mto peke yangu na kimia, wavu mdogo wa kutupa, nikajaza ndoo, nikajiona hodari.

Saa nne Bi Saumu alichungulia ndoo, uso ukambadilika.

"Umewatoa kule juu?"

"Ndiyo, Bibi. Wamejaa tele."

"Kule hatuvui, mwanangu, tangu enzi za mama zetu. Tazama, wengi wana mayai."

Akanionyesha beseni la uduvi aliowavua chini, karibu na bahari, anaowaweka hai kwa chambo. Walikuwa wanene, wepesi. Wangu walikuwa wamekonda.

"Huku kwenye chumvi ndiko wanakonenepa," alisema. "Lakini samaki wanaowala nao wako huku. Kule juu samaki hawayawezi yale maji. Uduvi wanayavumilia, basi."

Alasiri nilirudi juu nikawamwaga wote. Nililia, sitaki kudanganya. Kazi yangu ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya ndoo ile.

Ijumaa, Kampala, nilimwambia msimamizi kwamba sikuleta kitu na kwamba sentensi yangu si kweli.

"Andika upya," alisema. "Mwaka huu hutahitimu."

Jioni nilimweleza Baba yote. Alisogeza kando kikombe chake cha chai.

"Hata mimi watu nauliza, mzee, wewe napenda Kyebando sana, hapana rudi kwenu? Mimi hapana penda, mwanangu. Ni huku tu risasi hapana fika."

Niliona haya. Nimekulia nyumba moja naye, na miaka yote hiyo nami nilidhani anapapenda.