Laptopu ya Kwaya Ilipojaa

Kavutha, au Mama Levi kama vijana wanavyomwita, analima ndengu hapa Kivaa, anafuga mbuzi sita, na kwa miaka kumi na tisa ameimba kando yangu kwenye kwaya ya kanisa letu. Ndiye pia mlinzi wa laptopu ya kwaya. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu hajui kutupa kitu. Kwake hata mfuko uliotoboka una kazi, na ukikosa kazi unangojea. Sasa mpe mtu kama huyo kompyuta uone.

Ijumaa moja ikagoma. Video ya wimbo wetu ilitakiwa ifike kwa waandalizi wa tamasha la kwaya Machakos kabla ya saa kumi jioni, na sisi hatujawahi kuchaguliwa hata mara moja. Wesley, mwalimu wetu wa kwaya, alipobonyeza ili atayarishe ile ya kutuma, laptopu ikasema nafasi imekwisha. Ilikuwa saa saba mchana.

Mtu mwingine angefuta tu. Sisi tukaitisha kamati! Mzee Munyao, mwenyekiti, akafungua kwa maombi marefu mpaka nikafumbua jicho moja kuangalia saa. Kisha akasema mali ya kanisa haifutwi ovyo. Kila faili ipendekezwe na iungwe mkono. Picha za mabati ya paa zikapita. Mahubiri yaliyorekodiwa mvua ikinyesha, hata neno halisikiki, yakapita. Tukafika kwenye hotuba ya Mzee Munyao mwenyewe siku ya harambee, saa nzima na dakika arobaini. Nikapendekeza mimi, maana mdomo wangu hauna breki. Hakuna aliyeunga mkono. Kila mtu alitazama viatu vyake. Mwishowe mzee akakohoa, akasema ataunga mkono yeye, kwa sababu hata yeye siku hiyo alichoka. Tulicheka mpaka Wesley akashika meza.

Kavutha alikuwa ameshika mausi, na kila faili aliifuta kwa uchungu. Lakini kufika saa tisa laptopu bado inasema imejaa. Ndipo Wendy, msichana anayetuongozea wimbo, akauliza kama pipa limemwagwa. Pipa gani tena? Kumbe ukifuta kitu hakiondoki. Kinaingia kwenye pipa la taka humo humo ndani na kuendelea kula nafasi. Kavutha hakuwa amelimwaga tangu tumpe mashine. Wendy akalifungua tuone mna nini.

Katikati ya takataka palikuwa na video moja ya wimbo wetu ambayo kamati haikuipitisha. Kavutha alikuwa ameifuta asubuhi, kabla hatujafika. Siku ya kurekodi Wendy alichelewa kutoka Ndithini, na Kavutha akaombwa aongoze mara moja tu, mpiga picha apime sauti. Mimi nilijua kitu wenzangu hawakukijua. Miaka yote hiyo Kavutha ametamani kuongoza wimbo, na hajamwambia mtu ila mimi, tukipalilia. Mficha uchi hazai, nilimwambia. Akaendelea kupalilia.

"Hiyo ilikuwa ya kupimia," akasema haraka. "Ni taka tu."

Wesley akaifungua hata hivyo. Sauti ya Kavutha si nyororo. Ina mikwaruzo ya mtu aliyezoea kuita mbuzi ng'ambo ya mto. Lakini ilipopanda kwenye ubeti wa pili mwili ulinisisimka, na Mzee Munyao akasimama bila kujua amesimama. Wimbo ulipokwisha tulimtazama Wendy. Nani asingemtazama?

"Mimi nimerekodiwa mara kumi na moja," Wendy akasema, "na hakuna hata moja inayoshinda hii. Mwalimu, tuma ya Mama Levi."

Nilimpenda msichana yule saa ile ile, na mimi sipendi watu haraka.

Wesley akamkumbusha kanuni: anayeongoza kwenye video ndiye atakayeongoza jukwaani Machakos. Wendy akasema anajua. Basi Kavutha akairudisha video yake na kulimwaga pipa. Nafasi bado haikutosha. Faili kubwa zilizobaki zilikuwa zile kumi na moja za Wendy. Wendy akapendekeza zifutwe, nikaunga mkono kabla mwenyekiti hajauliza. Zikaingia pipani, ikabaki kulimwaga tena.

Kidole cha Kavutha kikasimama juu ya mausi. Akaninong'oneza, "Wavinya, nikimwaga hizi, hakuna kurudi?"

"Hakuna," nikamwambia. "Utaimba wewe."

Akabonyeza. Video iliondoka saa kumi kasoro dakika nne, lakini yeye hakungoja kuona ikifika. Alikuwa nyuma ya kanisa, anafanya mazoezi kwa sauti yake yote.