Bibi wa Kwenye Kadi

Kila nikishuka basi pale Lusahunga na kunusa mahindi mabichi yanayochomwa kando ya barabara, nacheka peke yangu. Wauzaji hunitazama, labda wanadhani nina wazimu. Mwenzenu nakumbuka nyani wa kijijini kwetu Nyamigogo.

Shamba letu la mahindi lilipakana na pori, na ndilo lilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Mahindi yakianza kubeba, sisi watoto tulishinda huko na Bibi, tukifukuza nyani. Bibi, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuwa na sauti, jamani! Akifoka, "Tokeni hapo, wezi wakubwa nyie!" hata mbuzi wa jirani waliacha kula.

Mwanawe, Mjomba Masanja, alikuwa fundi redio. Mwaka huo akasema tunajitesa bure. Akairekodi sauti ya Bibi kwenye memori kadi, akafunga spika juu ya mti, akaunganisha sola na betri, ikawa inafoka yenyewe kutwa nzima. Siku ya kwanza nyani walikimbia bila kuangalia nyuma. Tulishangilia weee! Tukarudi nyumbani kucheza rede, na Bibi akanyoosha miguu kibarazani, akijisikiliza kwa mbali. "Mnanisikia?" akajisifu. "Wala sichoki!"

Raha hiyo tuliila siku kadhaa, mpaka jirani alipokuja mbio kutuambia shamba linaisha. Tukatoka wote. Tukawakuta nyani wamekaa kitako chini ya spika, wanamenya mahindi kwa starehe, huku Bibi wa kwenye kadi akiwatukana. Bibi mwenyewe akasimama, akavuta pumzi, akafoka. Nyani mmoja mkubwa akageuka, akamtazama, akaendelea kula. Walishamzoea!

Hapo hata mtoto aliona njaa inakuja. Bibi akakaza kanga kiunoni, akaokota fimbo, akawavamia huku akipiga yowe la Kisukuma ambalo Mjomba hakuwahi kulirekodi. Nasi nyuma yake, na Mjomba na bisibisi yake mkononi. Nyani wakatimua mbio, na sisi tukacheka hadi tukakaa chini. Sehemu kubwa ya mahindi ilikuwa bado imesimama.

"Hawa nyani hawana akili kabisa," Mjomba akalalamika, akiishusha spika.

"Hawana?" Bibi akamjibu, bado anahema. "Walikaa hapa wakachunguza. Sisi tulikuwa wapi?"

Nilidhani anamtania mwanawe. Sasa mimi ni mtu mzima, simu yangu ina maarifa mengi kuliko kijiji kizima, ndipo namwelewa. Kifaa cha Mjomba kilikuwa kizuri, sikidharau hata kidogo, na yeye bado nampenda kwa ubunifu wake. Ila siku tulipokiwasha, tuliacha kulitazama shamba. Nyani hawakuacha.