Alto Kwenye Sikio la Kulia

Mwaka wa 2007 mama yangu alifanyiwa upasuaji wa rovu, na rovu lilipotoka lilitoka na sauti yake. Daktari alisema sauti itarudi baada ya wiki chache. Wiki zikawa miezi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono wenye mkwaruzo, na hata huo ulimchosha akiutumia sana, kwa hiyo akajifunza kutuita kwa kugonga sufuria kwa mwiko. Kwa mama mwingine pengine lingezoeleka. Lakini mama yangu alikuwa ameimba alto, ile sauti ya pili, katika kwaya ya kina mama ya kanisa letu, mtaani Rhonda, Nakuru, tangu kabla sijazaliwa, na wimbo ulioipa kwaya hiyo jina alikuwa ameutunga yeye, akifua nguo.

Alipotoka hospitalini aliacha kwenda mazoezini. Hakusema ameacha. Kila Jumamosi alasiri alipata tu kazi: kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, kukaza kifungo ambacho hakikuwa kimelegea. Wenzake walikuja kumwona, wakaleta ndizi na maombi, wakaenda zao. Wimbo wake nao waliacha kuuimba. Sauti ya kwanza kila mtu aliijua, lakini alto alikuwa nayo yeye kichwani, wengine wakimfuata tu, na alipokosekana wimbo ulichechemea mpaka mwalimu wa kwaya akauweka kando.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alama zangu hazikunifikisha chuo kikuu, na sikuwa na mengi ya kusema siku hizo kwa mtu yeyote. Nilipata kibarua mjini, katika duka la vitabu na vifaa vya shule la familia moja ya Kihindi ambayo imekaa Nakuru muda mrefu kuliko yetu. Kazi ilinifaa. Mtu anaomba kalamu, unampa kalamu, hakuulizi unapanga kufanya nini na maisha yako.

Ndani ya kabati la kioo la duka hilo kulikuwa na kikokotoo kimoja kikubwa kuliko vingine, chenye skrini pana ya kuchorea grafu. Binti wa mwenye duka alikuwa amerudi nacho kutoka ng'ambo alikosomea. Wazazi walikuja, wakakishika, wakauliza kama kinaruhusiwa kwenye mtihani wa taifa, wakaambiwa hapana, wakakirudisha. Mwezi wa Novemba mzee mwenye duka alikitoa kabatini, akanipa pamoja na waya wake wa kuunganishia na kompyuta.

"Chukua wewe," alisema. "Hapa inakula vumbi tu, na nimekuona unaibonyeza kila siku ukifikiri sioni."

Ilikuwa kweli. Nilichokuwa bado sijajua ni kwamba kilikuwa na muziki. Hilo nilikuja kulisoma kwenye cyber, duka la intaneti, katika kurasa za watu wa mbali wanaotengeneza muziki kwa mashine za zamani, ule muziki wa milio kama wa michezo ya kwanza ya kompyuta. Kikokotoo hakina spika. Lakini chini yake kina tundu la ule waya, na programu ndogo inaweza kuuwasha na kuuzima umeme wa tundu hilo upesi sana, mara mia kadhaa kwa sekunde, na ukichomeka vifaa vya masikioni unasikia noti. Tena waya ule una njia mbili, kwa hiyo sauti ni mbili: moja sikio la kushoto, moja la kulia. Nilikaa cyber siku nne kuiingiza programu hiyo. Fundi wa simu pale karibu na soko alinilehemea tundu la kuchomekea vifaa vya masikioni, akiniuliza mara tatu kama nina hakika. Mlio wa kwanza niliousikia ulikuwa wa mbu aliyesoma muziki, na nilicheka peke yangu barabarani hadi watu wakanitazama.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na likinijia wazo huwa halitoki mpaka lifanyike au livunjike. Sauti mbili zilitosha. Sauti ya kwanza niliijua. Kama ningeitoa alto kichwani mwa mama na kuitia ndani ya mashine, angeweza kuipeleka kwaya, wenzake wakaisikiliza na kuishika, na yeye akakaa katikati yao bila kulazimika kufungua kinywa. Nilitaka arudi kwaya. Mengine yote niliyafanya kwa sababu hiyo.

Nilimweleza jioni moja akitoa minji kwenye maganda. Alinisikiliza bila kuinua macho, kisha akanong'ona, "Kuja na hiyo kitu yako kesho, mapema."

Basi kila siku nikitoka kazini tulikaa kwenye meza ya dirishani. Mama hajasoma muziki, lakini kwaya zetu hufundishwa kwa do-re-mi iliyoandikwa ubaoni, na miaka ishirini ya ubao huo ilikuwa imemwingia kama watoto wanavyoingiwa na jedwali la kuzidisha. Alininong'onezea: so, so, la, so, mi ndefu. Mimi niligeuza kila noti kuwa namba mbili, moja ya kimo chake na moja ya urefu wake, nikaziandika moja kwa moja kwenye kikokotoo. Namba ya kimo ilikuwa muda ambao mashine inasubiri kati ya kuwasha na kuzima, na hilo lilimshangaza.

"Kwa hivyo namba ikipanda, sauti inashuka?"

"Ndiyo."

"Na hiyo mashine ilifundishwa na nani?"

Alikuwa na sikio kali kuliko nilivyojua. Mimi nilisikia milio tu, yeye alisikia noti. "Hiyo la iko chini," angesema, na ningepunguza namba moja, mbili, hadi aitikie kwa kichwa. Siku nyingine tulimaliza saa nzima juu ya noti tatu. Tulikuwa na jozi moja ya vifaa vya masikioni, hivyo tuligawana. Mimi nilivaa cha kushoto, nikasikia sauti ya kwanza peke yake. Yeye alivaa cha kulia, akasikia alto yake. Wimbo mzima ulikuwa kwenye meza na hakuna aliyeusikia wote kwa wakati mmoja, ila mama alifumba macho na vidole vyake vikahesabu mapigo juu ya minji. Nilikuwa na furaha. Nilizungumza hadi mama akaniashiria kwa mkono ninyamaze ili asikie noti inayofuata.

Kisha kukaja mwisho wa Januari, na vurugu za baada ya uchaguzi. Kila mtu wa Nakuru ana Januari yake ya mwaka huo, na yangu sitaisimulia hapa. Itoshe kusema kwamba tulikaa ndani, kwamba majirani zetu wa milango miwili walipakia vitu na kuondoka na hawajarudi, na kwamba kwa muda mrefu baadaye palikuwa na kafyu, na watu walitembea wakitazama saa. Duka lilifungwa, cyber ikafungwa. Kwaya ilianza tena mwezi wa Februari ikiwa imebaki nusu. Waimbaji wa alto walikuwa wawili, na mmoja wao, kama mwalimu wa kwaya alivyotuambia kwa upole, alikuwa akiimba chochote kilichomjia.

Mwalimu alikuwa amekuja nyumbani kumwomba mama arudi. Mama alitazama mikono yake. Mimi nikasema wimbo uko tayari, uko ndani ya mashine, Jumamosi tutaleta, na mama akakubali kwa kichwa.

Ilikuwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi skrini ya kikokotoo ilikuwa imefifia hadi niliisoma kwa kuinamisha kichwa. Bateri zake zilikuwa nne, zile nyembamba za rimoti, na maduka machache yaliyofunguliwa hayakuwa nazo. Nililalamika nyumba nzima. Nililalamika nikiosha vyombo, nikalalamika nikichukua mtungi kwenda kuteka maji.

Sasa, kwetu, na kwa kila mtu niliyemjua, bateri ya redio ikichoka haitupwi. Huanikwa juu ya mabati, ikapata joto, ikarudi na nguvu za siku mbili tatu. Ukikosa jua unaibana kwa meno. Niliporudi na maji nilimkuta mama ukumbini ameridhika na nafsi yake. Kikokotoo kilikuwa mezani, mgongo wake umefunguliwa kwa ncha ya kisu. Juu ya mabati ya jiko la nje, karibu na bateri kubwa za redio, bateri zangu nne zilikuwa zimepangwa mstari, zinaota jua.

Lazima niseme ukweli hapa. Ndani ya kikokotoo kulikuwa na bateri ya tano, ndogo ya duara, ambayo kazi yake ni kulinda kumbukumbu unapotoa zile nne. Ilikuwa imekufa zamani ndani ya kabati la duka. Nilijua. Kijitabu chake kilisema waziwazi kwamba bila hiyo, ukizitoa nne kwa pamoja, kila kitu kinafutika. Nilipanga kununua nyingine, nikaahirisha. Nilipanga kuuhifadhi wimbo kwenye kompyuta ya cyber, nikaahirisha pia hadi cyber ikafungwa. Na noti zenyewe sikuziandika kwenye karatasi hata moja, kwa sababu nilijiona mtaalamu. Mama hakuwa ameambiwa lolote kati ya haya. Angejuaje?

Nilizirudisha bateri zikiwa bado za moto. Skrini iliwaka vizuri kabisa, nyeusi na safi, ikaniambia kwamba kumbukumbu imefutwa.

Nikamwambia mama, "Si ungeuliza kwanza? Ama walitoa rovu wakatoa na akili?"

Nimezaliwa na hasira za karibu, hilo wote nyumbani wanalijua, na zamani mama alikuwa na dawa yake. Alikuwa akinikaripia kwa sauti iliyofika mtaa jirani wa Kaptembwo, nami nanywea. Safari hii hakuwa na sauti ya kunikaripia. Alichukua mtungi niliouacha mlangoni, akaingia nao ndani. Ningekuwa na busara ningeomba msamaha papo hapo. Badala yake nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, na nilipokuwa tayari kusema neno, alikuwa amelala. Ijumaa ikapita hivyo. Aliniwekea chakula, nikala. Nilijichukia, na niliamini kwamba nimeiua ile Jumamosi kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi saa nane mchana mama alivaa viatu, akachukua kikapu, akatoka. Nilidhani ameenda sokoni. Saa kumi hakuwa amerudi, na siku hizo mtu akichelewa moyo ulikuwa unaenda mbio, kwa hiyo nikatoka kumtafuta. Sokoni hakuwepo. Nilipopita karibu na kanisa nilisikia sauti ya kwanza ya wimbo ule, kisha chini yake, taratibu, sauti nyingine.

Nilisimama dirishani. Ubao ulikuwa umejaa do-re-mi, mistari miwili, kwa mwandiko wa mama, chaki imemjaa hadi kwenye kiwiko. Kina mama walikuwa tisa. Yeye alisimama mbele yao na kijiti, akigusa noti baada ya noti, na aliyekosea alielekezwa kidole, wakarudia. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameketi benchi la nyuma kama mgeni. Hakukuwa na mtu aliyesubiri mama aseme neno. Walimtazama mkono, wakaimba. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita nilisikia sauti zote mbili pamoja, na machozi yalinitoka bila kuniuliza.

Tulirudi nyumbani pamoja, tukiharakisha kwa ajili ya kafyu. Nilimbebea kikapu. Tulipokaribia kwetu nikasema, "Mama, nisamehe kwa yale niliyosema."

Alipunga mkono, kama anayefukuza nzi.

"Lakini kama ungeweza kuziandika noti ubaoni," nikasema, "mbona ulikaa na mimi miezi miwili tukihangaika na namba?"

Alisimama ili apate pumzi. Ilibidi niiname kumsikia.

"Kuandika ningeandika hata siku ile nilitoka hospitali," alinong'ona. "Lakini tangu matokeo yako yatoke ulikuwa huongei na mtu. Nilikuwa nakusikia hapo ndani ukinyamaza. Hiyo mashine ikikaa mezani, ulikuwa unaongea. Nikasema wacha nikae." Akavuta pumzi nyingine. "Alhamisi vile ulinifokea, nikajua umepona. Nikaona sasa naweza kukuacha nyumbani niende kwaya."