Smart plug zangu ni mbili, kompyuta ikaniambia tatu: nusura nimfukuzishe mama mkwe wa jirani

Wakuu, naanza na ujinga wangu kabisa ili mkicheka mcheke mapema.

Ndani kwangu nina smart plug mbili. Kompyuta ikanionyesha tatu. Mie, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema kompyuta ndiyo haijui kuhesabu.

Basi. Yote mtakayosoma hapa chini yametoka hapo, na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe iliishia kwenye samaki, mtaona.

Nakaa Boko, nyumba mbili ndani ya ua mmoja. Mie chumba na sebule, kazi yangu ku-edit video za harusi, kwa hiyo natoka nje siku ya kununua vocha na siku ya kununua mkate. Wanangu wa mtaani wananiita "mwali".

Nyumba ya pili anakaa Mama Nuru na mumewe. Mama Nuru anauza samaki. Asubuhi anaenda Kunduchi, mchana anarudi na ndoo, anapanga kwenye friza, jioni mtaa mzima unakuja kununua.

Baba Nuru anapiga kazi Kurasini kwenye makontena, anakaa huko hata siku kadhaa. Siku moja akarudi na boksi la smart plug za mtumba. Mbili akaniuzia mie. Moja akaichomeka kwenye friza lao, maana swichi yao ya ukutani ilishakufa na hiyo plug ina kitufe chake cha kuwasha na kuzima. Kwake yeye ilikuwa swichi tu.

Kumbukeni hiyo moja.

Sasa plug hizi hazitumii Wi-Fi, zinatumia Zigbee. Ili kompyuta iongee nazo lazima uchomeke adapter ya USB, kidude kama flash chenye kaantena. Nikakitafuta Kariakoo, nikakipata, nikachomeka, nikaweka programu yake. Kuna sehemu unabonyeza kuruhusu vifaa vijiunge. Ni kama kufungua geti: atakayepita na kubisha, anaingia.

Mie geti nikaliacha wazi. Muda ukiisha nabonyeza tena. Plug zangu zilikuwa zinasumbua kuingia, nikawa nabonyeza kama natafuna karanga.

Katikati ya hapo umeme ukakatika, ukarudi. Nikaangalia kwenye laptop: plug tatu.

Nikacheka. Nikasema hii imejirudia, programu za bure ndiyo zilivyo. Nikaipa jina "Mzimu" nikaendelea na maisha.

Halafu nikaweka amri. Mie huwa nasahau birika, na feni naachaga inapuliza kiti kitupu. Nikaandika: kila siku saa tatu asubuhi, zima plug ZOTE. Nilijisikia mhandisi, wakuu. Nilitembea sebuleni kwangu mikono nyuma.

Wiki hiyohiyo mama yake Baba Nuru alikuwa amekuja kutoka Masasi kumsalimia mwanawe. Bibi mpole, mdomo mkali. Ana tabia moja ambayo wengi wenu mnayo nyumbani: kifaa kikinguruma na hakuna anayekitumia, anachomoa. Umeme wa Luku unaliwa bure! Siku ya kwanza tu alishachomoa friza, mkwewe akalirudisha kwa heshima na kumweleza. Bibi akaelewa, hakugusa tena.

Ila rekodi ilishaingia.

Kwa hiyo Mama Nuru aliporudi Kunduchi akakuta friza limezima, mnafikiri alimfikiria nani? Akabonyeza kitufe, likawaka. Kesho yake tena limezima. Samaki wa jana wameanza kulegea, akawapaka chumvi na kuwaanika juani.

Mnajua mkwe hagombezwi. Haambiwi hata "mama, ni wewe?" Kinachofanyika, na wanawake wa ua wetu ni mabingwa wa hili, unaongea na kitu kingine kwa sauti, mwenyewe asikie.

Siku ya tatu likawa limezima tena. Mama Nuru akaongea na ndoo.

"Poleni samaki wangu," akasema pale uani. "Mmetoka baharini salama, mnakuja kuozea nyumbani kwa watu wanaoona raha mkioza."

Bibi alikuwa kwenye mkeka anapeta mchele. Ungo ukasimama. Akaingia ndani, akatoka na begi lake, kanga mbili zimening'inia kwenye zipu. Akamwita bodaboda aliyekuwa kijiweni pale nje ya geti.

Na mie nilikuwa wapi? Dirishani. Na karanga. Naangalia kama mechi. Mungu anisamehe.

Mama Nuru naye kwa hasira akaingia jikoni kuliwasha friza. Dirisha langu linatazama jiko lake, na laptop yangu iko chini ya dirisha hilohilo.

Akabonyeza kitufe.

Kwenye laptop yangu, Mzimu akawaka.

Wakuu, karanga ilinipalia. Nikajiambia imetokea tu. Nikabonyeza kuzima Mzimu. Kule jikoni friza lilikuwa limeanza kunguruma, likanyamaza tuli. Nikabonyeza kuwasha. Likanguruma.

Nilikaa chini sakafuni. Si kwenye kiti, sakafuni. Ile plug ya friza, umeme uliporudi, ilibisha kwenye geti nililoacha wazi, ikaingia. Kumbe siku zote hizi mie ndiye ninayeozesha samaki wa watu, tena nimekaa na kaptula, na lawama anabeba mama wa watu wa Masasi!

Nisiwafiche: wazo la kwanza halikuwa zuri. Niliona ningeweza kufuta Mzimu kimyakimya, friza lisingezima tena, na hakuna mtu angejua. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kufuta.

Ila bibi alikuwa anafunga begi lake kwenye pikipiki. Angefika Masasi na jina la mama mkwe mharibifu, na Baba Nuru akirudi toka Kurasini, kwenye ile nyumba kungewaka moto ambao mie ndiye niliuwasha.

Nikatoka mbio na laptop mkononi, kaptula, miguu mitupu. Bodaboda akaniambia, "Braza, leo umetoka? Kuna msiba?"

"Shikamoo bibi, usiondoke, ni mie!" nikasema. "Friza nilikuwa nazima mie!"

Mama Nuru akaniangalia kama nimevuta kitu. "Jirani, usimtetee. Umezimaje na jikoni kwangu hujawahi kukanyaga?"

Bibi akashuka kwenye pikipiki. Akasema neno moja: "Zima."

Nikabonyeza. Likanyamaza.

"Washa."

Likanguruma.

Alinirudisha hapo mara kadhaa, mpaka bodaboda akaomba ajaribu na yeye. Bibi hakucheka. Alitaka kila mtu aliyekuwepo aone.

Mama Nuru akashika mdomo. Akapiga magoti palepale kwenye mchanga, akanyoosha mikono kupokea begi. "Nisamehe mama."

Bibi akalivuta begi kwake. "Mie sikuambiwa kitu, nikusamehe nini? Waulize samaki wako kama nibaki."

Wakuu, Mama Nuru ilibidi aigeukie ndoo. Machozi yanatoka na kicheko kinambana. "Samaki wangu, bibi abaki?"

"Wanasemaje?" bibi akauliza.

"Wanasema abaki, na leo apikiwe mkubwa wao."

Begi likarudi ndani. Walioharibika nimelipa, hilo halina mjadala. Na Mzimu nimemtoa kwenye kompyuta mbele yao.

Nilichojifunza: ukichomeka hiyo adapter, hesabu vifaa vyako kwa kidole kabla hujahesabu kwenye kioo cha kompyuta. Kikizidi kimoja, tafuta mwenyewe. Ukimaliza kuunganisha, funga geti. Na usiandike "ZOTE" kwenye amri wakati hujui zote ni zipi. Mie niliidharau kompyuta iliyohesabu vizuri, na Mama Nuru akamdhania bibi kwa sababu aliwahi kukosea mara moja. Tulikuwa na ugonjwa mmoja.

Mnaotumia hivi vidude, tupeni uzoefu: umeshawahi kuingiza kifaa cha jirani? Na kuna namna ya kuifunga plug isijiunge na mtu mwingine? Matusi pia nayapokea, nimeshazoea, maana jioni ile nilipelekewa kipande cha samaki, na bibi mwenyewe ndiye aliyekileta. Akachungulia sebule yangu, waya kila kona, kiti kimoja, birika. Akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Oa, mjukuu wangu. Ukiwa na wa kugombana naye humu ndani, hutagombanisha watu kwao."