Bawaba za Rhonda

Dada yangu Rhonda Tackett aliendesha malori ya jeshi kule Iraq hadi bomu la barabarani lilipomsaga goti la kulia. Madaktari waliliunga walivyoweza, wakamfunga kifaa cha chuma chenye bawaba pande zote mbili, wakamwambia ndiyo maisha yake sasa. Akarudi kwetu milimani Kentucky, akapata kazi ya kupika shuleni.

Si mtu wa kulalamika. Lakini bawaba zile zilitafuna nguo kama panya. Suruali mpya ilitoboka kabla haijapauka. Akikivaa kifaa juu ya suruali, kinateleza na goti linamlegea kwenye ngazi.

Serikali hutoa posho ya nguo kwa askari wastaafu ambao vifaa vyao vinaharibu mavazi. Rhonda akaomba. Akajibiwa kwamba kifaa chake kimefunikwa kitambaa, hivyo hakiwezi kuchana nguo. Aliyeamua hivyo hakuwahi kumwona, wala hakujua kwamba kitambaa chenyewe kilishalika zamani. Akaomba tena, akajibiwa yale yale. Basi akawa anashona viraka.

Kisha baba yetu akafa. Aliacha neno kwamba Rhonda awe miongoni mwa wabeba jeneza, na wajomba walionung'unika tuliwanyamazisha. Rhonda akanunua suti nyeusi, ya kwanza tangu avue sare.

Makaburi yetu yako juu ya kilima. Tulipofika katikati ya mpando nilisikia kitambaa kikipasuka. Suruali ilikuwa imechanika kutoka gotini hadi juu ya paja, kovu lote nje, na nguo ya ndani ikionekana. Nyuma yetu mtu akaguna. Rhonda hakuachia mpini wa jeneza. Alipanda hivyo hivyo hadi kaburini, akasimama wima mpaka sala ikaisha.

Baadaye, kanisani, akina mama walipopakua kuku na maharage, yeye alikaa amejifunga koti langu kiunoni, hali chochote. Nilidhani analia. Nilipomshika bega nikakuta anatetemeka kwa hasira.

Jumatatu nilimpeleka kliniki ya askari wastaafu. Karani aliyetupokea aliitwa Burkett, mwanamume wa makamo, mpole, anayemung'unya peremende. Akasoma kwenye kompyuta yake, akasema uamuzi ni ule ule. Kisha, nadhani kwa nia njema, akaongeza, "Lakini mama, kwani ukivaa gauni kuna ubaya gani?"

Rhonda akakaa kwenye kiti, akakunja suruali, akafungua mikanda. Akakiweka kile chuma juu ya kaunta.

"Kule jangwani hakuna aliyeniambia nivae gauni," alisema, tena kwa sauti ya chini. "Haya, pitisha mkono wa shati lako hapo kwenye bawaba. Pitisha tu. Si mmesema hakichani?"

Burkett akatazama shati lake. Hakulipitisha.

"Unaogopa nini? Moja tu hilo. Mimi nimechana kabati zima."

Watu waliokuwa wakisubiri waligeuka kutazama. Mzee mmoja mwenye mguu wa bandia akasema, "Mwambie, binti." Burkett akainua simu akamwita daktari wa viungo. Akaja mwanamke mwenye haraka, akapapasa bawaba kwa kidole, akauliza nani aliandika kwamba kifaa hiki hakiharibu nguo. Burkett akawa anatafuta kitu mezani. Daktari akaidhinisha posho pale pale, amesimama.

Tulipokuwa tunaondoka Burkett akamkumbusha Rhonda asisahau kuomba upya mwakani.

"Kwa nini? Mwakani nitakuwa nimeota goti jingine?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Na mimi si mama yako."

Njiani nilijaribu kumchangamsha. Nikamwambia angalau ameshinda, na sura ya Burkett nitaicheka hadi Krismasi. Alikuwa akitazama nje.

"Nimeshinda nini, Dewey?" akasema. "Nimemzika baba huku watu wanatazama paja langu. Hao wangekuja kuniangalia mara moja tu, dakika tano, hili lisingetokea."

Posho ilikuja, akanunua suruali za kazi. Ile suti nyeusi aliichoma nyuma ya nyumba, na mwaka uliofuata akaenda kuomba tena, amekasirika vile vile.