Majani Aliyomfunikia Mwanawe

Sikulala. Nilijiuliza: nikikataa tembo wetu wa bustani ya wanyama apandishwe tena na dume, baada ya kupoteza watoto wawili, nitakuwa nimemhurumia yeye au nimejihurumia mimi? Spishi yake inahitaji watoto, na sahihi iliyobaki kwenye fomu ya kumpandisha ilikuwa yangu.

Asubuhi nilipofungua banda lake, harufu ya lusani, majani makavu wanayolishwa tembo, ilinirudisha utotoni, kwenye bustani hii hii ya Johannesburg.

Baba alikuwa mlisha tembo. Siku ile alinibeba mabegani. Tembo jike alikuwa amezaa mtoto mfu, na wahudumu walikuwa na desturi ya kutomwondoa mpaka mama amwache mwenyewe. Aliokota lusani kwa mkonga, kidogo kidogo, akamfunika.

"Papa, anasikia baridi?"

"Hapana, mama. Anamlaza."

"Ataamka saa ngapi?"

Baba alinishusha, akainama kunifunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Sasa, mbele yangu, tembo wetu alikuwa akisogeza majani kwenye kona tupu. Nikaandika kwenye fomu, "Asipandishwe tena," nikatia sahihi, nikampelekea mkuu wangu kabla sijaanza kufikiri upya.