Asali ya Mti Juu ya Mahamri

Mpaka leo, harufu ya asali ya mti, ile wanayoigema mitini huku nchi za baridi, hunisimamisha jikoni.

Khalati, mdogo wake mama, alikuja kwetu kwa gari kutoka Kanada, ng'ambo ya mpaka, na chupa yake, akaimwaga juu ya mahamri yetu ya iliki. Nilishtuka, nikadhani hiyo ndiyo ajabu ya siku. Kumbe bado. Khalati alikuwa ametoka kufanya mtihani wa uraia wa huko.

"Dada, wajua Kanada ilikuwa ikijitawala, lakini kubadilisha katiba yake ni sharti bunge la London lipitishe? Sisi Kenya tushakuwa jamhuri, wao bado wapeleka London, hadi 1982!"

Mama alisahau mahamri karaini. "Wazungu? Wakiomba ruhusa kwa wazungu wenzao?"

"Na hakuna aliyewazuia. Waliambiwa zamani wajichukulie mamlaka hayo. Wenyewe tu hawakuelewana katiba waibadilishe vipi."

Mama alikaa kitako, mahamri yakiungua. Tangu baba afariki, kila jambo letu lilipelekwa Mombasa kwa ami, kaka yake baba: shule yangu, nyumba ya kupanga, hata leseni ya gari. Kazi ilikuwa ikimngoja mama mji wa Eden Prairie, ambako basi la abiria halifiki, na ami alikuwa hajasema neno kuhusu leseni.

Simu ikalia. Ni ami. Mama alifuta mikono, akaipokea. Sikuwahi kumsikia akisema na ami hivyo.

"Shemeji, kesho naanza kujifunza gari. La, sikuulizi. Nakuarifu."